Biskuti Hataki Kula

Kila asubuhi Verlin Kucera huwatazama ng'ombe wake kwanza, ndipo anywe kahawa. Asiyekuja kwenye hori, huyo ni mgonjwa. Ndivyo tunavyofuga hapa Nebraska, na ng'ombe wetu wananawiri.

Mwaka huu binti yake, Janelle, alikwenda mjini Lincoln kusomea uuguzi. Bwenini hawaruhusu wanyama, kwa hiyo alimwachia baba yake nyoka wake, Biskuti. Ni nyoka mdogo wa kahawia mwenye pua iliyoinuka kama sepetu. Kwa pua hiyo huchimba na kujifukia.

Verlin alimpenda upesi, ingawa alijifanya hajali. Asubuhi na jioni alimfukua ili ahakikishe yu mzima. Kila mgeni alionyeshwa Biskuti. Kisha Verlin akaona maranda ya mbao yaliyomo kwenye sanduku lake la kioo ni uchafu. Akayamwaga, akatandika gazeti safi.

Biskuti akaacha kula. Verlin akakamata panya mkubwa ghalani, akamtia ndani akiwa hai. Panya akamng'ata Biskuti mgongoni. Verlin akamtoa panya upesi.

Biskuti akazidi kukonda. Janelle akipiga simu, Verlin alisema nyoka hajambo, kisha akakaa mezani bila kugusa chakula.

"Akifa, nitamwambia nini mwanangu?" alimwuliza mkewe, Arlene.

"Utamwambia ukweli. Lakini kwanza mwite Darla."

Darla ni jirani yao, naye amefuga nyoka wa aina hiyo kwa miaka mingi. Alikuja mchana, akakaribishwa maharage ya nyama na mkate wa mdalasini. Aliposhiba, aliinama kwenye sanduku la kioo, akamtazama Biskuti kwa huruma.

"Verlin, unamfukua mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Namtazama tu."

"Na wewe ukivutwa shuka kila unapolala, utakuwa na hamu ya kula kweli?"

Arlene alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Ng'ombe akijificha, ni mgonjwa," Verlin alijitetea.

"Huyu si ng'ombe, jirani. Huyu akijifukia, ndiyo raha yake."

Darla alieleza polepole. Maranda yawe ya mti usio na harufu kali, na kina chake kizidi upana wa kiganja. Upande mmoja wa sanduku uwe na joto, mwingine uwe baridi kidogo, ili nyoka achague mwenyewe. Awe na pango dogo na bakuli la maji safi. Panya wa ghalani asipewe kabisa, kwani huleta minyoo, na pengine amekula sumu. Anunuliwe panya aliyegandishwa, ayeyushwe kwenye maji ya uvuguvugu, na asiwe mnene kuliko nyoka. Mmoja kwa wiki anatosha. Akishakula, asishikwe siku mbili. Kidonda kikivimba, aende kwa daktari wa mifugo.

"Na sasa?" Verlin aliuliza.

"Sasa mwache wiki nzima. Badilisha maji tu."

Verlin akaondoa gazeti, akajaza maranda mapya na kuweka pango. Wiki hiyo ilimwia ndefu. Alipita karibu na sanduku mikono ikiwa mfukoni, na Arlene akamtania kwamba anamlinda bibi harusi. Wiki ilipokwisha, aliweka panya mdogo mlangoni mwa pango, akaondoka. Aliporudi, panya hayupo. Verlin alikwenda jikoni akamkumbatia mkewe.

Sikukuu ya Shukrani ya mwezi Novemba ilipofika, Janelle aliingia, akatupa begi, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku. Verlin akamshika mkono.

"Usimfukue, mwanangu."

"Baba, nataka kumwona tu."

"Najua. Hata mimi."

Akavuta viti viwili. Walipokuwa wakingoja, alimsimulia yote, hata habari ya panya wa ghalani. Janelle akamwegemea begani. Arlene aliwaita mezani mara mbili, wasiitike.

Mwishowe maranda yakatikisika. Pua ndogo ikachomoza, kisha kichwa, kisha shingo iliyonona.

"Baba, amenenepa," Janelle alinong'ona.

Hakuna aliyenyoosha mkono.