Nani Anakunywa Maji ya Dobi?

Uani kwa Dobi kulikuwa na tangi la maji la lita mia tano. Kila alfajiri Dobi alilijaza mpaka juu, kisha mama huyo akafua nguo za watu mchana kutwa. Bila tangi hilo, asingekuwa na kazi.

Siku hizo maji yalikuwa yakipungua bila kuchotwa. Nyumba ikitulia, sauti ilisikika ukutani: glu, glu, glu. Ilikuwa kama mtu mwenye kiu. Binti wa Dobi, aliyeitwa Chiriku kwa kupenda kuongea, siku hizo alikuwa kimya kwa hofu.

Bibi, mama yake Dobi, aliweka sikio ukutani. "Anakunywa," alinong'ona. "Msikilizeni."

Na kila asubuhi Bibi alipotoka chumbani, nyayo zake zilikuwa zimelowa.

Nyayo hizo ndizo zilizomponza. Dobi aliamini kwamba mama yake anafungulia maji usingizini bila kujijua. Roho ilimuuma, lakini aliamua. Jumamosi kaka yake angekuja kumchukua Bibi, akakae kwake, mbali. Bibi alilia, akaomba asitenganishwe na mjukuu wake.

Jumatano jirani yao, mwalimu mstaafu, alikuja kumsaidia Chiriku hesabu za mafumbo. Chiriku akiona namba, alizijumlisha zote, basi.

"Mjukuu wangu, unavamia namba kama kuku aliyeona mtama!" Mwalimu alicheka. "Soma kwanza. Tumepewa nini? Tunaulizwa nini? Ndipo uchague njia. Mwisho uhakiki jibu. Haya, tutumie tangi la mama yako."

"Tumepewa lita 500," alisema Chiriku. "Mama anachota ndoo nane za kufulia na nne za nyumbani. Ndoo moja ni lita 20."

"Tunaulizwa nini?"

"Kesho alfajiri yatabaki maji kiasi gani." Chiriku aliandika polepole. "8 + 4 = 12. Ndoo kumi na mbili. 12 × 20 = 240. Hizo lita zimetumika. 500 − 240 = 260. Zinabaki lita 260."

"Hakiki."

"240 + 260 = 500. Sawa!"

Dobi aliweka pasi chini. "Mwalimu, mimi napima kwa fimbo yenye alama. Kila alfajiri nakuta lita 140 tu."

"260 − 140 = 120," alisema Chiriku. "Lita 120 zinapotea!"

Glu, glu, ukuta uliitikia.

"Siku ina saa 24," Mwalimu aliendelea, sauti yake ikiwa chini. "Kama yanapotea muda wote, basi 120 ÷ 24 = 5. Lita tano kila saa. Lakini kama ni Bibi, hayatapotea akiwa hayupo. Hilo nalo tulihakiki. Kesho njooni wote kwangu, mkae kwa muda wa saa nne."

"5 × 4 = 20," Chiriku alisema. "Zikipotea lita 20, si Bibi."

Kesho yake Dobi alipima tangi, akafunga mlango, wakaenda wote kwa Mwalimu. Baada ya saa nne alirudi peke yake. Alipima tena. Zilikuwa zimepungua lita 20.

Alifungua mlango. Hakukuwa na mtu ndani. Glu, glu, glu. Nywele zilimsimama. Alitamani kutoka mbio, lakini aliifuata sauti mpaka chumbani kwa Bibi. Akainama, akagusa sakafu kando ya kitanda. Ilikuwa imelowa.

Fundi bomba alikuja jioni hiyohiyo. Alivunja sakafu kidogo. Chini yake, bomba linalotoka kwenye tangi na kupita ukutani kwenda bafuni lilikuwa limepasuka. Maji yalikuwa yakinywewa na mchanga, na unyevu ukapanda juu, pale Bibi alipokanyaga kila aliposhuka kitandani. Fundi akabadilisha kipande kile.

Ijumaa Dobi alijaza tangi na kufua kama kawaida. Jumamosi alfajiri alipima. Lita 260! Ukuta ulikuwa kimya.

Alikimbilia chumbani kwa Bibi. Bibi alikuwa ameketi kitandani, nguo zake ameshazifunga, akimsubiri kaka yake Dobi.

"Mama, nisamehe," Dobi alisema, machozi yakimtoka. "Huendi popote. Haikuwa wewe."

Bibi alimfuta machozi.

"Una hakika, mwanangu?" aliuliza. "Maana hata mimi nilikuwa nimeshaamini kwamba ni mimi."