Zamu ya Adongo Juu ya Menengai

Kila Ijumaa, kengele ya saa kumi ilipolia, Nekoye alifagia darasa la saba haraka haraka, akapangusa vumbi la mbao lililopeperuka kutoka kiwanda cha jirani, kisha akakimbilia chama cha picha cha shule. Mwaka huo wa 2007, watu kadhaa mjini Elburgon walikuwa wameanza kupiga picha kwa simu. Mzee Amarjit, mwenye duka la picha, bado aliwafunza wanafunzi kwa kamera ya filamu. Filamu moja ilitoa picha thelathini na sita, na watoto walikuwa kumi na wawili. Kila mmoja alipewa picha tatu tu. Ukiharibu, umeharibu.

"Fikirini kwanza, ndiyo mbonyeze," Mzee alizoea kusema.

Nekoye na Adongo hawakupatana hata siku moja. Wote wawili walikuwa hodari, na Mzee alikuwa ametangaza kwamba likizo ya Desemba angemchukua mmoja wao dukani, amfunze kuosha filamu kwa dawa ili itoe picha. Nekoye aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

"Wewe utaosha vikombe vya chai," Adongo alimcheka mbele ya watu.

"Afadhali vikombe kuliko picha zako za watu wasio na vichwa!"

Jumamosi moja ya Julai, basi la shule liliwapeleka mlima Menengai, juu ya mji wa Nakuru, wapige picha za jua likizama. Kila mtoto alikuwa amebakiza picha moja. Mzee alifunga kwenye kamera lenzi ambayo hawakuwahi kuiona. Kioo chake kilikuwa kimevimba kama jicho la samaki.

"Hii inaona mbele, kulia na kushoto kwa pamoja," alisema. "Usipojichunga, itapiga hata viatu vyako."

Mwalimu Chepkemoi, aliyewasindikiza, aliwapangia zamu kwa kura. Nekoye akawa wa kumi na moja, Adongo wa mwisho.

Zamu ya Nekoye ilipofika, upepo ulikuwa mkali na baridi. Mwalimu alikuwa amewarudisha kwenye basi wale waliomaliza, na Mzee amewafuata kuchukua tochi. Kamera ilisimama kwenye stendi yake ya miguu mitatu. Jua lilikuwa jekundu, karibu kuigusa milima ya Mau. Nekoye hakubonyeza.

"Piga, basi!" Adongo alifoka.

"Ngoja liguse mlima."

"Ningoje nini? Jua linaisha, wee! Mwizi wa zamu!"

Adongo alinyoosha mkono kuelekea kwenye kamera. Nekoye akamsukuma kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akabonyeza. Adongo alianguka juu ya mawe, akalalia mkono wake. Alipoinuka akilia, jua lilikuwa limekwisha kuzama.

Mzee alikuja mbio. "Kuna nini?"

"Ameteleza," Nekoye alijibu. "Alikuwa ananinyang'anya kamera."

"Mwongo! Amenisukuma!"

"Nani ameona?" Nekoye aliuliza.

Wenzao wote walikuwa kwenye basi. Mwalimu Chepkemoi alifika, akaufunga mkono wa Adongo kwa skafu yake. "Adongo, ungeivunja kamera ya watu," alisema kwa ukali. "Umeniaibisha."

Basi lilipoanza kurudi, Nekoye alipakatishwa kamera. Hapo ndipo maneno ya Mzee yalipomrudia: lenzi ile huona kulia na kushoto. Kwa hiyo imeuona mkono wake! Filamu ikioshwa, kila mtu atajua.

Nyuma ya kamera kulikuwa na kifuniko kidogo. Mwanga ukiingia humo, picha zote huungua. Hata tochi ingetosha. Kidole chake kikakitafuta kifuniko, kikatulia juu yake.

"Nekoye, chunga hiyo kitu vizuri," Wangare, aliyeketi karibu naye, alisema. "Picha ya nyanya yangu iko humo. Kesho anarudi kwao Ndabibi, na hatuna nyingine yake."

Nekoye alikiondoa kidole. Basi liliruka kwenye shimo, na kule nyuma Adongo akapiga yowe la maumivu. Nekoye alisimama, akaenda mbele alikoketi Mzee.

"Mzee, hakuteleza. Nilimsukuma mimi."

Kelele zikalipuka basi zima.

"Mnyama wewe!"

"Na vile ulijifanya mtakatifu!"

Mzee alichukua kamera kutoka mikononi mwake. "Nafasi ya Desemba umeipoteza," alisema. "Nenda ukamwombe mwenzako msamaha."

Nekoye alikwenda. "Usiniguse," Adongo alimwambia, akageukia dirishani.

Katika zahanati waliambiwa kwamba mkono ulikuwa umeteguka, haukuvunjika.

Ijumaa iliyofuata, Mzee alipanga picha mezani. Ya nyanya yake Wangare ilikuwa safi kabisa. Ya Nekoye ilikuwa ukungu wa rangi ya chungwa tu. Alipomsukuma Adongo, Nekoye alikuwa ameigonga stendi kwa mguu. Hapakuonekana jua wala mkono wala mtu.

Nekoye aliitazama kwa muda mrefu. "Kumbe ningenyamaza," alinong'ona, "hakuna mtu angejua."

"Mimi ningejua," Adongo alisema.

Nekoye aliutazama ule mkono uliofungwa bandeji. "Nisamehe, Adongo," alisema.

"Nitaona," Adongo alijibu, bila kutabasamu.

Mzee Amarjit alivua miwani yake. "Jumamosi ijayo tunarudi Menengai. Adongo atapiga picha yake, na wewe Nekoye utabeba stendi mpaka juu. Lakini sikilizeni, watoto wangu. Mtu akisema uongo, hufikiri amepona kwa sababu hakuna ushahidi. Aliyeumizwa hahitaji picha. Analala na ule uongo na kuamka nao. Nekoye, safari hii ulisema kweli kwa kuiogopa filamu. Siku nyingine, iseme kwa ajili ya mwenzako."