Mbio za Baba Waridi

Ilikuwa asubuhi njema, enyi wazazi, na miaka ile ya vita asubuhi njema ilikuwa jambo la kushukuriwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, milima iliyo juu ya Bujumbura, walikojificha waasi, ilikuwa imenyamaza, na wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa soko la Jabe walikuwa wakitaniana kwa sauti. Shakuru, fundi wa magari mwenye gereji kando ya soko hilo, alikuwa amelala chali chini ya Toyota ya mteja wa mtaa wa Kinindo, akipiga mluzi. Alikuwa ametoka kumfikisha shuleni binti yake Waridi, mtoto wa pekee, aliyepatikana baada ya yeye na mkewe Soumaya kuomba dua miaka mingi.

Mtu mwema, Shakuru. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Kikisikika kishindo chochote, miguu yake ilitangulia shuleni kabla masikio hayajauliza ni kishindo cha nini. Alikuwa keshamtoa Waridi darasani kwa sababu ya radi, na hata kwa sababu ya pipa lililoanguka. Majirani walimsifu, eti huyo ndiye baba, kisha nao wakaanza kukimbia nyuma yake. Hofu ya mmoja ikawa desturi ya mtaa mzima.

Asubuhi hiyo pikapu kuukuu ilipita sokoni, na bomba lake la moshi likapasuka kwa kishindo. Mtu akapiga kelele, "Wameingia!" Jamani, fundi wa magari mzima, aliyekula mkate wake kwa mabomba ya moshi, hakuitambua sauti hiyo! Alitoka chini ya gari mbio, ndara moja mguuni, na watu wakamfuata.

Shuleni, mwalimu wao, Madamu Mathilde, alikuwa amekwisha kuwalaza watoto chini, kando ya ukuta wa mawe, akiwaimbia taratibu. Walikuwa wametulia. Ndipo waliposikia lango likitikiswa na sauti za baba na mama zao zikiita majina. Bawaba zikang'oka. Shakuru akaingia, akamnyakua Waridi, akatoka naye. Watoto wengine wakabubujika nje wakilia, wakakutana langoni na watu wazima waliokuwa wakiingia.

Katikati ya miguu ile alianguka Orpha, rafiki wa Waridi, binti wa Nsimire muuza ndagala. Alivunjika mkono.

Nsimire alipofika hakupiga kelele. Alimwinua mwanawe, akawatazama watu.

"Nilimutoa Bukavu, kule Kongo, risasi zikilia," alisema. "Nikamuvusha mupaka, hakuguswa. Ni hapa, ku mulango ya masomo, ndo mumemuvunja. Mumemuvunja nyinyi, si baaskari."

Wakampisha, akapita na mwanawe.

Jioni Waridi alikataa chakula. Soumaya alimbembeleza, hakugusa hata kijiko. Mwishowe alimgeukia baba yake.

"Baba, juu ya nini uliacha Orpha? Tulikuwa tumeshikana mikono. We ndo ulitutenganisha."

"Nilikuwa naokoa we, mama yangu. Kesho tutaenda kumwona, inshallah, halafu utarudi shule."

"Apana. Sitarudi."

"Unaogopa mabomu?"

"Apana. Naogopa nyinyi, bazazi."

Shakuru aliumia, tena sana. Mchuma janga hula na wa kwao. Yeye aliyetaka binti yake awe salama kuliko watoto wote, sasa alikuwa na mtoto asiyethubutu kukanyaga shule.

Huyu Madamu Mathilde, Mungu amzidishie, hakumtukana mtu. Aliwaita wazazi, akasimama kando ya lango lililolala chini.

"Nyinyi munapenda watoto, najua," alisema. "Lakini walikuwa wametulia mpaka waliposikia sauti zenu. Kuanzia leo, kelele ikilia, mutu asikuje hapa. Ikinyamaza, kila avenu, kila barabara ya mutaa, itume mutu moja. Achukue watoto wote wa avenu yake, na mutoto wake amuchukue wa mwisho."

"Na avenu yetu, nani?" aliuliza mama mmoja.

"Baba Waridi."

Watu wakaguna. Shakuru mwenyewe akashtuka. "Mi? Madamu, si mi ndo nilivunja lango?"

"Ndiyo. Utalitengeneza. Halafu utatufundisha kukaa."

Akalichomelea lango kwa mikono yake. Waridi alipoliona limesimama, na kuambiwa agano lile, alikubali kurudi, ila alisema, "Tutaona kama utaweza, Baba." Shakuru akamwahidi.

Haikupita muda mrefu, mabomu ya kweli yakarushwa mjini kutoka milimani. La kwanza lilitikisa mabati ya gereji. Soumaya alikuja mbio.

"Baba Waridi! Utakaa tu hapo?"

Shakuru alikuwa ameshika spana, machozi yakimtoka bila aibu. "Niliahidi mutoto," alisema. "Kaa nami, mama. Tuombe." Wakaketi sakafuni kwenye mafuta na vumbi, wakasoma dua, na kila kishindo kilimvuta miguu. Hakusimama. Katika maisha yake yote, wallahi, hajafanya kazi ngumu kama ile ya kukaa.

Milio ilipokoma alitembea, hakukimbia. Lango lilikuwa limefungwa, barabara ni tupu. Madamu alifungua. Watoto wa avenu walijipanga wawili wawili, wote wazima, na nyuma kabisa alikuwa Waridi, akimtazama baba yake.

Moyo ulimpasuka kwa kutaka kumkimbilia. Akainama, akamshika Orpha mkono ule mzima. Akawashika na wengine, mmoja mmoja. Mwisho wa wote akamnyooshea mkono binti yake.

"Umechelewa, Baba," Waridi alisema, akicheka na kulia. "Umechelewa vizuri."

Nsimire alikuwa mlangoni kwake. Alimpokea bintiye, akamwambia Shakuru, "Aksanti, baba yetu."

Funzo

Enyi wazazi, mtoto husoma uso wa mzazi kabla hajasoma ubao. Shule haiwi salama kwa ukuta peke yake, wala kwa baba mwenye mbio. Inakuwa salama pale mwalimu anapoaminiwa, watu wazima wanapotimiza agano lao, na kila mmoja anapomwona mtoto wa jirani kuwa wake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mara nyingi anayeanguka ukingoni si mkimbiaji, ni mtoto wa mwenzake. Basi mkiusikia moyo unawatuma kumnyakua wenu, tazameni kwanza ameshikana mkono na nani.