Maiti Hasimamishwi

"Uso wake tu, kaka! Nilitaka kuuona uso wake tu!"

"Na mimi nimekwambia jeneza limefungwa. Unataka nilifungue kwa meno?"

"Miezi mitano baba amelala mochwari. Nani amemwosha?"

"Watu wa Chifu."

"Watu wa Chifu ndio wanawe?"

Akhere aliukamata usukani wa Prado kwa nguvu. Mbele yao king'ora cha gari la maiti kilikuwa kikilia tangu Lagos, na kwa saa tatu walikuwa wakizungumza kwa kupayuka.

"Sikiliza, Ofure. Wewe ni binti. Mzee akifa, maziko ni ya mtoto wa kiume wa kwanza. Kwetu ni hivyo tangu barabara hii haijawa barabara. Nikisema limefungwa, limefungwa. Kazi yako ni kulia."

"Nitalia. Ila nijue namlilia nani."

"Unamlilia baba yako! Chifu amelipia gari, jeneza la Italia, bendi, ng'ombe sita. Ulitaka tumzike kwenye boksi la maembe?"

Kilomita mia na arobaini kwa saa. Mji wa Ore ulikuwa umebaki nyuma.

Ofure Aigbe alikuwa na miaka thelathini na sita, gauni jeusi na kilemba cheusi. Ukoo mzima uliamini anafanya kazi ya forodha. Haikuwa kweli. Alikuwa mpelelezi wa Idara ya Usalama, mwaka wa kumi na mbili sasa. Ndani ya mkoba wake, chini ya kitabu cha nyimbo za kanisani, ililala bastola ya Beretta. Kifungo cha pili cha gauni lake hakikuwa kifungo, kilikuwa kamera, na ndani ya kola mlikuwa na kipaza sauti.

Hakuwa kazini. Alikuwa na likizo ya msiba, siku saba.

Kesho yake, saa nne asubuhi, chama kingefanya mchujo wa ugavana mjini Benin. Wajumbe elfu moja, ukumbi mmoja. Chifu Omoaka alikuwa akiutaka ugavana kwa mwaka wa nane sasa. Aliyemnyima usingizi ni Daktari Isimeme Ohiwerei, mkunga aliyewazalisha wake na binti za nusu ya wajumbe wale. Baba Aigbe alikuwa mjumbe wa kata, na hadi anakata roho alikuwa mtu wa Daktari, waziwazi. Hata hivyo Chifu ndiye aliyegharamia maziko yake. Akhere aliita huo ukarimu.

Ofure aliuita kampeni.

Kizuizi cha polisi kikatokea. Cha tano. Askari wakainua gogo kabla gari halijafika, wakavua kofia, mmoja akafanya ishara ya msalaba. Maiti anayekwenda kwao hasimamishwi njiani. Hata askari mwenye njaa analijua hilo.

Gari la maiti likaruka tuta. Nyuma likakaa chini, bamba la namba likakwaruza lami.

Ofure aliliona. Baba alikuwa na kilo hamsini na mbili alipokufa.

Simu ikatetemeka.

"Huko mvua imenyesha?" Ilikuwa sauti ya Dashe, mkuu wa operesheni, kwa fumbo lao la kazini.

"Mawingu tu."

"Pole na msiba. Nisingekupigia, lakini uko barabara hiyo. Bunduki thelathini za AK zimevuka mpaka wa Seme juzi. Za kesho. Watamimina risasi ukumbini, Daktari na watu wake wakiwa mstari wa mbele. Mchujo utavunjika, chama kitateua mtu kutoka juu. Unamjua mtu huyo."

"Namjua."

"Tumekagua kila gari tangu Ore. Malori, mabasi, hata lori la mbuzi."

"Kila gari?"

"Kila gari. Isipokuwa maiti, bila shaka."

Ofure alilitazama gari la maiti mbele yao.

"Ofure?"

"Nitakupigia."

Alimtazama kaka yake. Si uso. Mikono. Akhere alikuwa akijifuta viganja kwenye suruali, cha kulia, cha kushoto, cha kulia tena. Alifanya hivyo tangu utotoni, kila alipovunja kitu.

"Kuna nini mle ndani, kaka?"

"Baba."

"Na nini kingine?"

Mkono wa Akhere ukaenda kwenye swichi ya taa. Mimuliko miwili ingetosha kuwashtua wale wa mbele.

Beretta ikamgusa mbavu.

"Ukiwasha hizo taa nitakupiga mguu. Utamzika baba ukichechemea."

Akhere aliitazama bastola, kisha barabara, kisha bastola tena.

"Forodha wanawapa hizi?"

"Kuna nini mle ndani?"

Alianza kulia. Mwanamume wa miaka arobaini na tano, kwa kasi ya mia na arobaini.

"Walisema ni za kutisha tu. Kupiga hewani, watu wakimbie, basi. Chifu akaniahidi uenyekiti wa halmashauri. Mimi nina nini, Ofure? Wewe una mshahara. Mimi nina jina la mtoto wa kwanza na duka la vipuri lisilo na vipuri!"

"Zinashushwa wapi?"

"Sheli ya Chifu, kabla ya kuingia Benin. Watasema wanabadilisha maua."

"Na Chifu?"

"Atakuwepo. Anataka kutembea mbele ya jeneza, wapige picha."

Ofure akapiga simu. Bastola haikuondoka mbavuni.

"Mvua iko kwenye jeneza la baba yangu."



"Liache lifike," Dashe akasema. "Namtaka mwenyewe, mkono wake juu ya chuma. Una dakika ngapi?"

"Arobaini."

"Lori la samaki wa barafu litakuwa linajaza dizeli. Wanne wetu ndani. Kaka yako?"

Ofure alimtazama.

"Ataendesha."

Sheli ilijaa vijana wenye fulana za njano. Chifu alikuwa akigawa jenereta ndogo kila uchaguzi, na jina lilikuwa limemganda.

"Jenereta!" kijana mmoja akaita.

"Washa!" wenzake wakaitikia.

Chifu alikuja amefungua mikono, kanzu nyeupe imemwagika mpaka viatuni. Akamkumbatia Akhere mbele ya kamera tatu.

"Mwanangu. Msiba wako ni wangu."

Akamgeukia Ofure. "Usilie sana, binti yangu. Kilemba kitadondoka."

Gari la maiti lilikuwa tayari linazunguka nyuma ya ghala. Vijana wawili wenye miraba minne wakaziba njia. Walikuwa wamejiandaa kwa polisi, kwa waandishi, kwa watu wa Daktari.

Hawakujiandaa kwa binti.

Ofure alijitupa chini. Akapiga yowe refu, lile la wanawake wa ukoo wao, linaloanzia tumboni. Halikuwa la kuigiza. Akainuka, akalikimbilia gari. Mlinzi akamshika mkono.

"Haya, mwachie!" Mama mmoja muuza ndizi za kuchoma alisimama na koleo lake la moto. "Unamzuia mtoto asimlilie babake? Wewe ulizaliwa na nani, na trekta?"

Watu wakacheka, kisha wakaguna. Mlinzi akaona haya. Akamwachia.

Nyuma ya ghala kifuniko cha jeneza kilikuwa wazi. Wanaume wawili walikuwa wakitoa vitu virefu vilivyofungwa karatasi ya mafuta. Ofure akabana nyuma ya nguzo, kifua mbele, kifungo cha pili kikitazama.

Chifu akatokea mlango wa ofisi. Akachukua bunduki moja, akaikoki, akasikiliza mlio kama mtu anayenunua saa.

"Daktari ana wajumbe," akasema. "Mimi nina hizi."

Mkono juu ya chuma.

"Mvua imeanza," Ofure akaiambia kola yake.

Milango ya lori la samaki ikafunguka kwa kishindo.

"Chini! Chini wote!"

Mmoja wa wale wawili akageuka na AK mkononi. Ofure, Beretta ikiwa imeshatoka mkobani, akapiga kwanza. Risasi moja. Bega. Chifu akakimbia, akaikanyaga kanzu yake mwenyewe, akaanguka kwenye dimbwi la dizeli. Pingu zilimkuta akiuliza kama wanamjua yeye ni nani.

"Wanakujua," akasema muuza ndizi, aliyekuwa amekuja kuchungulia. "Umezimika, Chifu."

Ofure hakucheka. Alikuwa ameliinamia jeneza.

Baba alikuwa chini ya bunduki. Wamemzungushia nailoni ya kufunikia saruji. Wamemkunja magoti ili bunduki zienee, na mtutu mmoja ulikuwa umemwachia alama shavuni. Hawakuwa wamemwosha. Ndevu zake zilikuwa ndefu. Maisha yake yote hakutoka nje bila kunyoa.

Akaziondoa bunduki zilizobaki, moja moja. Mtu mmoja wa Idara alitaka kumsaidia. Akamkataza kwa kichwa.

Dashe alifika baada ya robo saa, koti mkononi.

"Kazi safi. Daktari ameshaambiwa. Mchujo uko palepale, saa nne." Akashusha sauti. "Jeneza ni kielelezo, Ofure. Na kilichomo."

"Kilichomo ni baba yangu."

"Wakili wa Chifu atasema tuliweka wenyewe. Atataka kila kitu kama kilivyokutwa. Baba yako atarudi mochwari, ya polisi safari hii."

"Mpaka lini?"

"Kesi za wakubwa unazijua."

Alizijua. Miaka sita. Minane.

Ukutani Akhere alikuwa amechuchumaa, pingu mikononi, kamasi mdomoni.

"Nifungeni maisha," akasema. "Sibishi. Lakini nani atamzika? Mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Nisipoingia kaburini mimi, wazee hawatakubali mwingine. Atakaa kwenye droo hiyo mpaka nitoke!"

Kaburi lilikuwa limechimbwa tangu jana, mwendo wa saa moja kutoka pale. Wanawake walikuwa wakitwanga viazi vikuu vya wageni mia mbili.

Ofure aliufungua mkoba. Akarudisha Beretta. Akatoa ufunguo wa pingu.

"Mna picha," akamwambia Dashe. "Mna kamera yangu, mna bunduki thelathini, mna sanduku. Kielelezo ni hicho. Baba si bunduki."

"Siwezi kukuruhusu. Nikikuona unaondoka naye nitalazimika kuandika."

"Basi geuka."

Dashe alimtazama. Kisha akageuka, akaanza kusoma bei za mafuta kwenye bango.

Ofure akamfungua kaka yake.

"Si huruma," akamwambia. "Baba hana mwingine. Mshike miguu."

Walimlaza nyuma ya Prado. Ofure alivua kilemba, akakikunjua, akamfunika uso. Safari hii aliendesha yeye, bila king'ora, na walisimama kila kizuizi kama watu wengine.

Nyumbani watu waliinuka vitini. Hawakuona bendi. Hawakuona jeneza.

"Liko wapi sanduku la Italia?" shangazi mkubwa akauliza.

"Limekamatwa."

"Sanduku?"

"Sanduku, shangazi. Leteni maji, wembe na shuka nyeupe. Naomba mtuache naye."

Akamwosha. Akamnyoa. Haikuwa kazi ya binti, na hakuna aliyethubutu kusema.

Akhere aliingia kaburini akampokea baba, akamlaza, akamnyoosha magoti. Akakaa chini mle kidogo. Walipomvuta juu, alirusha udongo wa kwanza, na wengine wakafuata.

Akaletewa beseni. Akanawa kidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu asiye na haraka tena maishani. Ofure alimsubiri. Alipomaliza kunawa, Ofure alitoa pingu, na mbele ya ukoo mzima akamfunga mikono ikiwa bado na maji.

"Ofure!" Shangazi alijishika kichwa. "Kaka yako?"

"Kaka yangu."

Akamfungulia mlango wa nyuma wa Prado.

"Ingia," akasema. "Pale alipolala baba."

Akawasha gari.