Maji Yaliyopoteza Rangi

Asubuhi hiyo ua wa Nili ulikuwa shwari, wasomaji wangu. Vitambaa vyekundu vilining'inia kambani, na mkewe alikuwa ndani akifagia huku akiimba chini chini. Nili mwenyewe ndiye hakutulia. Fundi huyu wa kutia vitambaa rangi, aliyebandikwa jina hilo kwa ajili ya vidole vyake vya buluu, alilizunguka tangi la maji machafu kama kuku anayetaka kutaga.

Majirani walikuwa wamemsema mpaka basi. Kila alipomwaga maji yake, mtaro wao ulikuwa mwekundu leo, kesho wa buluu. Ndipo fundi wa maabara, mama mmoja mpole, alipomfundisha: atie asidi kidogo na dawa ya chuma, kisha dawa ya oksijeni, nayo itaivunjavunja rangi.

“Lakini kaka, rangi ikitoweka usidhani umemaliza,” alimwonya. “Yaache mpaka kesho. Halafu tia chokaa, tope lishuke, upime kwa karatasi ya kupimia asidi. Kabla ya hapo hayafai hata kuguswa.”

“Nimekuelewa, dada.”

Kuelewa alielewa. Kusubiri ndiko kulikomshinda. Tangi lilikuwa moja tu, na beseni la rangi mpya lilikuwa tayari likimngoja. Basi akatia dawa maradufu. Maji yakachemka povu, wekundu ukafifia, yakawa maangavu kama ya kunywa. Nili akacheka peke yake. Akajaza ndoo ya kuwaonyesha majirani, akaiweka mlangoni, akaenda kuwaita.

Mnauona mtego huo, jamani? Maji mekundu hakuna aliyeyagusa hata siku moja, kwa sababu rangi yenyewe ilikuwa onyo. Sasa onyo limefutwa na dawa kali imebaki.

Nili alirudi na majirani wawili, akijigamba njia nzima. Wakamkuta mkewe amepiga magoti mlangoni, viganja machoni.

“Mume wangu, haya maji umeyatoa wapi? Nimenawa uso tu.”

Jirani mmoja akakimbilia bomba, wakammiminia maji safi mpaka lilipopatikana gari la kumpeleka hospitali. Jicho moja lilipona. La pili halikuona tena.

Siku hizi Nili akimpelekea mkewe maji, hata ya kunywa, mkewe humwuliza, “Umepima?” Haulizi kwa hasira. Anataka kujua tu, na hilo ndilo linalomuumiza Nili zaidi ya matusi.

Funzo

Ndugu zangu, kuondoa uchafu machoni pa watu si kuusafisha. Dawa ya kuvunja rangi ni jambo jema, ila anayeishia njiani huwatega wenzake, na wa kwanza kunaswa huwa wa nyumbani kwake. Kama huna subira ya kuimaliza kazi, yaache maji tangini na wekundu wake, watu wayaogope.