Kompyuta Iliyoanguka Ngazini

Ngazi kumi na nane.

Nge aliziruka nne nne, bastola ya Glock mkononi, kompyuta ya wahaini kwapani. Risasi zilibandua plasta nyuma yake. Ngazi ya mwisho kisigino kikateleza. Kompyuta ikamponyoka, ikapiga zege kwa kona, ikabingirika hadi mlangoni.

Akaiokota. Akarukia pikipiki yake ya Yamaha, akapotelea kwenye msongamano wa magari ya asubuhi.

"Nge kwa Mkuu. Mzigo ninao. Ova."

"Safi. Mpelekee Sindano. Kuna lori lao la vilipuzi, linalipuka saa tano kamili kwenye bwawa la umeme. Namba yake imo humo. Kompyuta iko salama? Ova."

Nge aliongeza mwendo.

"Salama. Ova."

Alidanganya kwa sababu ya jina hilo moja.

Sindano alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa kompyuta wa idara. Nge alikuwa na miaka tisa ya vumbi na makovu. Mdogo mtu kaja juzi tu, kakaa kwenye kiyoyozi, na kila kikao Mkuu anamsifu yeye. Nyumbani nako, mama wimbo wake ulikuwa huohuo: "Mwangalie mwenzako alivyotulia." Roho ilimuuma Nge kama jino bovu.

Saa nne na dakika tano. Chumba cha mafundi.

Sindano aliiwasha kompyuta. Faili likaanza kufunguka. Mara kishale kwenye skrini kikasimama.

Imeganda.

Akaizima, akaiwasha. Baada ya dakika mbili ikaganda tena. Akasikiliza feni. Akapima joto. Akasaka virusi.

"Joto sawa, virusi hamna. Sielewi, dada."

Nge aliegemea mlango, mikono kifuani. Moyoni kitu kilichekelea. Kumbe na wewe hukwama!

Redio ikakoroma. "Sindano! Malori arobaini yamebanana kwenye foleni juu ya bwawa. Tukipekua moja moja hatuwahi. Nataka namba! Ova."

"Nakazana, Mkuu. Ova."

Sindano alitazama saa ukutani. Alifuta jasho kwa kiwiko. "Labda mfumo umeharibika. Niuweke upya, faili nyingine zifutike, nibahatishe kitakachobaki." Akasogeza kidole.

Kitakachobaki. Na chini ya bwawa kuna vijiji vitatu.

"Acha!" Nge alijikuta amemshika mkono. "Niliiangusha. Ilipiga zege kwa kona."

Sindano hakucheka. Alimkazia macho.

"Na umenyamaza nusu saa nzima?"

"Nilikuonea wivu."

"Mimi?"

"Wewe. Fungua hiyo mashine, tutagombana baadaye."

Sindano akachomoa umeme, akatoa betri, akagusa bomba la chuma kuondoa umeme wa mwilini. Bisibisi ikazunguka. Parafujo kumi, mfuniko ukaachia.

"Ona!" Kadi ya memori ilikuwa imechomoka upande mmoja. Waya wa diski nao ulikuwa unaning'inia, ukigusa na kuachia kila meza ilipotikisika. "Mashine nzima kabisa, viungo tu ndivyo vimelegea!"

Akafuta meno ya kadi kwa kifutio cha penseli, akaikandamiza.

Tik.

Akasukuma waya hadi mwisho. Akaiwasha. Akaitikisa makusudi. Kishale kikaendelea kutembea.

"Lori la bluu! Namba inaishia sita tisa nne!"

Nge alikuwa keshafika mlangoni.

Saa nne na dakika hamsini na moja. Yamaha ilipenya katikati ya malori. Bluu. Sita tisa nne. Dereva alimwona, akapeleka mkono chini ya kiti. Nge akafyatua mara moja. Bega. Bastola ya dereva ikaangukia lami.

Mtegua mabomu wa idara akapanda nyuma, akakata waya. Saa ya bomu ikasimama ikiwa imebakiza dakika nne.

"Kazi imekwisha. Ova," Nge alisema.

"Sindano ametuokoa leo!" Mkuu alinguruma. "Yule binti ni lulu! Ova."

Kijicho kikamchoma palepale, kama kawaida. Nge akakiacha kichome.

"Kweli, Mkuu. Kompyuta niliiangusha mimi, nikakudanganya. Yeye ndiye aliyeifufua. Ova."

Redio ikakoroma.

"Ofisini kwangu. Saa nane. Ova."

"Nitakuwepo."

Akazima redio, akaweka bastola kiunoni, akatembea taratibu katikati ya honi za malori arobaini.