Ruhusa Iliyokuwa Mkononi

Mama Pacha alikuwa mpiga pasi. Alifanya kazi katika duka la dobi, chumba cha nyuma, penye joto na harufu ya sabuni. Alianza na kola, kisha mikono ya shati, mwisho mgongo. Wenzake walimtania kwamba angeweza kunyoosha hata mikunjo ya uso. "Zeekeni kwanza," aliwajibu, "halafu mpange foleni."

Mama yake mzazi aliishi naye. Alikuwa na ugonjwa wa kifua. Kikohozi kilipozidi, Mama Pacha na kaka yake walimpeleka hospitali, naye akalazwa. Kaka alikuwa dereva wa lori. Siku ile ile alitakiwa kuondoka kwa safari ndefu.

"Dada, nakuachia mama," alisema. "Asikae peke yake."

"Nenda salama. Mimi nipo."

Muuguzi alimpa Mama Pacha karatasi. "Maelezo yote yamo humu," alisema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mama Pacha alisoma miaka saba tu, lakini Kiingereza kidogo kilimbakia. Aliona fahari kuisoma mwenyewe. Sentensi ya tatu ilisema: "One relative may stay with the patient day and night."

Neno "may" alilijua. Zamani darasa zima waliliimba: "It may rain. Huenda mvua ikanyesha." Basi akaelewa hivi: huenda ndugu mmoja akakaa na mgonjwa mchana na usiku. Huenda. Yaani hawajaamua bado. Wakiamua wataniita.

Akangoja kuitwa.

Saa kumi jioni mlinzi alipita akisema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Wageni wakatoka. Mama Pacha naye akatoka, karatasi ikiwa ndani ya mkoba. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu mama yake alimshika mkono.

"Mwanangu, nani amekuzuia kukaa na mimi?"

"Ni utaratibu, mama. Karatasi inasema huenda wakaniruhusu."

"Umewauliza?"

"Wana kazi nyingi. Nisije nikawaudhi."

Mama akaachia mkono wake taratibu. "Basi tungoje," alisema.

Siku ya nne Mama Pacha aliomba ruhusa kazini, akafika mapema. Alikaa nje ya wodi kungoja saa ya wageni. Saa nne asubuhi muuguzi yule yule alitoka.

"Dada, wewe ni ndugu wa yule mama wa kitanda cha sita?"

"Ni mama yangu."

"Pole sana. Amefariki sasa hivi. Alikuwa anakuita. Tulidhani umekwenda kazini. Mbona hukukaa naye? Si tulikupa karatasi?"

"Nilikuwa nangoja mniite," alisema Mama Pacha.

Muuguzi alimtazama, hakuelewa.

Kaka alirudi, wakamzika mama yao. Baada ya mazishi kaka alimwita dada yake pembeni. "Mama amekufa peke yake," alisema, "na wewe uko nyuma ya mlango." Alipanda lori lake akaondoka bila kuaga. Simu za dada yake hakuzipokea.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa mwanamke wa makamo aliyefundisha watu wazima Kiingereza jioni. Watu walimwita Mwalimu, basi. Alikuja kumpa pole Mama Pacha. Mama Pacha alitoa ile karatasi kwenye mkoba.

"Mwalimu, nisomee hapa. Niambie nilikosea wapi."

Mwalimu alisoma, kisha akavua miwani. "Hapa 'may' si huenda. Inasema ndugu mmoja anaruhusiwa kukaa na mgonjwa, mchana na usiku."

"Kwa hiyo ruhusa nilikuwa nayo?"

"Ulikuwa nayo."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza, mwanangu."

Mama Pacha akalia mpaka kanga yake ikalowa. Siku ile Mwalimu hakufundisha neno lolote. Alikaa naye tu.

Wiki moja baadaye Mama Pacha alibisha hodi kwake. "Sasa nifundishe," alisema. "Lisinipite tena."

Mwalimu alimvutia kiti. "Neno hili lina kazi mbili. Ya kwanza ni kukisia. Mvua haiombi ruhusa kwa mtu. Ukisema 'It may rain', maana yake hujui kama itanyesha. Hapo ni huenda. Kazi ya pili ni kuruhusu. Tazama nani anasema, na anamwambia nani. Kama ni hospitali, shule au ofisi inawaeleza watu wafanye nini, mara nyingi hiyo ni ruhusa."

"Na wakiongeza 'not'?"

"'You may not enter.' Huruhusiwi kuingia. Lakini 'It may not rain' ni huenda isinyeshe."

"Kuna 'might' pia. Niliiona kazini, kwenye kibandiko cha koti."

"Hiyo karibu kila mara ni huenda."

"Na 'can'?"

"Ni kuweza. 'I can iron.' Naweza kupiga pasi. Lakini watu huitumia pia kuomba ruhusa. 'Can I come in?' Naweza kuingia? Hata sisi tunasema hivyo."

Mama Pacha alifikiri. "Na nikishindwa kutambua?"

"Uliza, tena kwa lugha yako. Sema: hii ni ruhusa, au ni jambo lisilojulikana? Hatakucheka mtu. Na akicheka, acheke, wewe uwe umeshajua."

"Mimi niliona aibu," alisema Mama Pacha. "Nilitaka waone najua kusoma."

Kaka aliporudi safari, dada yake alimfuata kwake na ile karatasi. Alimweleza yote bila kujitetea. Kaka aliitazama karatasi muda mrefu.

"Hata mimi ningengoja," alisema mwishoni. "Kazini nasaini makaratasi nisiyoyajua." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nilikuonea, dada."

Wote wawili wakajiandikisha katika darasa la Mwalimu. Kaka alihudhuria kila alipokuwa nyumbani.

Mwaka uliofuata mama yao mdogo alivunjika mguu, akalazwa. Mama Pacha alisimama mbele ya muuguzi wa zamu.

"Samahani, naruhusiwa kukaa na mgonjwa wangu, au ningoje niitwe?"

"Unaruhusiwa. Ingia, mama."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Akaingia.

Kwenye kasha la dawa paliandikwa: "This medicine may cause dizziness." Mama Pacha alisoma mara mbili. Dawa haimpi mtu ruhusa. Basi ni huenda: huenda ikamletea kizunguzungu. Akamwuliza muuguzi, naye akakubali. Mama mdogo alipotaka kwenda chooni, Mama Pacha alimshika kiunoni kabla hajasimama. Hatua ya pili tu, mama mdogo akayumba na magongo yake. Hakuanguka.

Mama Pacha alikaa naye siku kumi na moja. Mguu ukaanza kuunga vizuri. Mchana mmoja mama mdogo alizinduka usingizini, akapapasa pembeni ya kitanda.

"Bado upo?"

"Nipo, mama."

Akalala tena. Kila alipozinduka aliuliza vile vile, na kila mara alijibiwa.